Kilichomo Ndani ya Protoni: Barua kwa Mpwa Wangu

Tabora,
Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako anaendelea vizuri, na kila jioni anauliza treni ya Kigoma itakuleta siku gani. Hongera tena kwa kuchaguliwa kidato cha tano. Nilifurahi kusikia umepata tahasusi ya PCM, na nilifurahi zaidi niliposoma swali ulilonitumia, kwa sababu wanafunzi wengi hulipita swali hilo bila kulisemea neno. Umesema mwalimu wenu wa masomo ya likizo alichora duara ubaoni, akatia vidoa vitatu ndani yake, akawaambia hizo ndizo kwaki za protoni. Ukaniuliza, je, mjomba, zimekaa tu mle ndani au zinatembea? Jibu lake halienei kwenye ujumbe wa simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Lisome taratibu.

Zinatembea. Tena zinakwenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na hazijatulia tangu protoni za mwanzo zilipoundika, kabla ulimwengu haujatimiza hata sekunde moja. Ukisahau mengine yote katika barua hii, hili lishike: mwendo huo si jambo la pembeni kwa protoni. Mwendo huo, pamoja na kani inayozifunga kwaki, ndio karibu protoni nzima. Uzito wako, uzito wa bibi yako na uzito wa reli utakayoijia umetokana na mwendo huo na kani hiyo kuliko na kitu kingine chochote. Najua maneno haya ni mazito kuyapokea kwa kuambiwa tu, kwa hiyo nitakuonyesha yalivyopatikana.

Habari za kiini cha atomu umezisoma, basi nazipita haraka. Mwaka 1911 Rutherford, akiwa Manchester, alieleza kwamba katikati ya atomu kuna kiini kidogo sana, kizito, chenye chaji chanya. Kufikia 1920 alikuwa amekipa kiini cha haidrojeni jina la protoni. Mwaka 1932 Chadwick akaongeza nyutroni, na vitabu vingi vya shule vinaishia hapo hadi leo. Miaka ya 1950 Robert Hofstadter, kwenye Chuo Kikuu cha Stanford huko California, alirusha elektroni kwenye haidrojeni akaonyesha kwamba protoni si nukta, ina ukubwa wake. Nusu kipenyo chake ni femtomita 0.84 hivi. Ukiigawa milimita moja katika sehemu trilioni moja, sehemu moja ndiyo femtomita. Kisha mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa upande wake, walipendekeza kwamba protoni imeundwa na kwaki tatu: mbili za juu, kila moja na chaji ya +2/3, na moja ya chini yenye chaji ya -1/3. Jumlisha, utapata 1. Hesabu ilitoka sawa, lakini wanafizikia wengi waliiona kuwa njia nzuri ya kupanga orodha ya chembe na si zaidi, maana hakuna mtu aliyewahi kukuta chaji ya theluthi ikitembea peke yake.

Jibu lilitoka Stanford hiyo hiyo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo swali lako lilipojibiwa kwa mara ya kwanza. Wanafizikia wa huko walijenga mtambo ulionyooka wenye urefu wa kilomita 3.2, ukisukuma elektroni mpaka zifikie nishati ya elektronivolti bilioni 20. Mwisho wa mtambo palikuwa na ukumbi mkubwa, na ndani yake chombo kidogo cha haidrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Haidrojeni ilichaguliwa kwa sababu kiini chake ni protoni moja, basi. Kando ya chombo hicho kulikuwa na mitambo ya sumaku mirefu na mizito mno, iliyokaa juu ya reli ili iweze kuzungushwa kutoka pembe moja hadi nyingine. Wewe mtoto wa Reli ya Kati ungeipenda. Kazi yake ilikuwa kupima mambo mawili tu: elektroni imepinda kwa pembe gani baada ya kugonga, na imebaki na nishati kiasi gani.

Kuanzia 1967 kundi la Jerome Friedman, Henry Kendall na Richard Taylor lilianza kukusanya vipimo. Kama chaji ya protoni ingekuwa imesambaa sawasawa ndani yake, elektroni zilizopinda sana na kupoteza nishati nyingi zingekuwa chache kabisa. Zikaja kwa wingi ambao hawakuutarajia. Maana yake elektroni ilikuwa inakutana na vitu vidogo mno ndani ya protoni, vyenye uwezo wa kuisukuma kando. Rutherford aliwahi kusoma ishara ya aina hiyo hiyo akagundua kiini cha atomu, na sasa ishara ilikuwa imerudi ngazi moja chini zaidi. James Bjorken alikuwa amekwisha kupiga hesabu iliyotabiri sura ya vipimo hivyo, na mwaka 1968 Richard Feynman akaieleza kwa lugha ambayo kila mwanafizikia aliielewa. Friedman, Kendall na Taylor walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Sasa tazama mwendo ulivyojitokeza. Nishati ambayo elektroni inapoteza, ukiilinganisha na pembe iliyopinda, inakwambia kwaki iliyogongwa ilikuwa imebeba sehemu gani ya mwendo wa protoni nzima. Kama ndani mngekuwa na kwaki tatu zilizotulia mahali pamoja, kila moja ingekuwa imebeba theluthi, na vipimo vyote vingerundikana kwenye theluthi. Havikurundikana. Vilitawanyika kuanzia karibu na sifuri hadi karibu na moja. Mara nyingine kwaki inakutwa imebeba nusu ya mwendo wote, mara nyingine sehemu ya kumi, mara nyingine sehemu ya mia. Kutawanyika huko ndiko kulikotwambia kwamba mle ndani hakuna kilichotulia.

Unajiandaa kuja Tabora, kwa hiyo nitakueleza kwa mfano wa msafara. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji kwenu. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika hapa, wao wakipaita Kazeh, mwezi Novemba 1857 waliukuta una wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wenye nyumba na maghala, na barabara imekwisha kukanyagwa na Wanyamwezi miaka mingi kabla yao. Livingstone naye alikaa Kwihara hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani. Tembe alimokaa utaliona, si mbali na mjini. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, za merikani, ushanga, masango au pembe za ndovu, mbali na mkeka wake na chungu chake. Kirangozi alitangulia na bendera, mzigo wake ukiwa mwepesi kuliko ya wengine. Nasema hapa juu ya wapagazi waliotembea kwa ujira. Njia hiyo hiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, na hao siwezi kuwafanya mfano wa hesabu ya fizikia.

Fikiria basi kwamba umesimama kandokando ya njia, msafara unapita, na wewe unataka kujua mzigo wote umegawanywaje. Huwezi kuusimamisha. Unachoweza ni kumshika mpagazi mmoja mmoja bila kuchagua, upime alichobeba, kisha umwache aende. Ukifanya hivyo mara nyingi vya kutosha, utajua mgawanyo wa msafara mzima hata kama hukuuona wote kwa pamoja. Ndivyo elektroni za Stanford zilivyofanya: kila moja ilikamata kwaki moja, ikapima sehemu yake, ikaondoka. Vipimo maelfu kwa maelfu vikatupa picha ya protoni inayopita.

Wanafizikia wakajumlisha. Na hapo wakapata jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko ugunduzi wa kwaki zenyewe. Sehemu zote za mwendo zilizobebwa na kwaki, ukizijumlisha, hazifiki moja. Zinafika karibu nusu tu. Nusu nyingine ya mwendo wa protoni ilikuwa imebebwa na kitu ambacho elektroni haikikamati, kwa sababu hakina chaji ya umeme. Hata kwenye misafara ilikuwa hivyo. Soma hesabu za wasafiri wa karne ya 19: wanaandika marobota na idadi ya wapagazi wa kulipwa, lakini mara nyingi hawahesabu wanawake waliofuatana na waume zao wakibeba unga na vyombo vya kupikia, wala vijana waliosaidia. Msafara ulitembea kwa nguvu za hao pia, ila daftari halikuwa na safu yao.

Waliokosa safu ndani ya protoni ni gluoni. Ndizo zinazopitisha kani kati ya kwaki na kwaki, na ushahidi wake wa wazi ulipatikana mwaka 1979 huko Hamburg, Ujerumani. Katika mji huo huo, kati ya 1992 na 2007, mtambo ulioitwa HERA, wenye mzingo wa kilomita 6.3 chini ya ardhi, uligonganisha elektroni na protoni kwa nguvu kubwa kuliko ya Stanford. Kadiri walivyochungulia kwa makini zaidi, ndivyo walivyokuta gluoni nyingi zaidi, kila moja imebeba kipande kidogo sana cha mwendo. Pamoja nazo zilikuwemo jozi za kwaki na pingamizi zake, yaani antikwaki, zikizaliwa na kutoweka bila kukoma. Hapo ule msafara haufai tena kuwa mfano, maana idadi ya wapagazi haibadiliki kwa sababu umewatazama kwa macho makali zaidi, na ndani ya protoni inabadilika. Kwaki tatu za mwalimu wenu ni zile zinazobaki ukitoa jozi zote: kila pingamizi ifute mwenzake, mwisho utabaki na mbili za juu na moja ya chini. Hesabu hiyo haijawahi kukosea. Lakini ukiulizwa ndani ya protoni kuna vitu vingapi, usijibu tatu kwa haraka. Na mimi naona mchoro wa vidoa vitatu visivyokwenda popote ungefaa kuondolewa vitabuni, kwa sababu unamfundisha mtoto kitu ambacho atalazimika kukifuta baadaye.

Kwa nini zinatembea hivyo? Sababu yake ni ya msingi kabisa, nayo ni ya Werner Heisenberg, mwaka 1927. Ukiifungia chembe mahali padogo, haiwezi kuwa na mwendo wa sifuri. Padogo zaidi, mwendo mkubwa zaidi. Hiyo ni kanuni ya maumbile na haihusiani na ubovu wa vyombo vyetu. Kwaki zimefungiwa ndani ya nafasi isiyofika hata femtomita mbili upana. Piga hesabu utaona kwamba nafasi hiyo inazilazimisha ziwe na mwendo wenye nishati ya mamia ya mamilioni ya elektronivolti, ilhali uzito wa kwaki ya juu yenyewe, kwa kipimo hicho hicho, ni milioni 2 hivi, na wa kwaki ya chini ni karibu milioni 5. Chembe yenye nishati iliyouzidi uzito wake kwa kiasi hicho lazima iende karibu na kasi ya mwanga. Haina namna nyingine.

Nami nimekutajia uzito huo kwa makusudi. Chukua kalamu: 2 na 2 na 5, jumla milioni 9. Uzito wa protoni nzima ni milioni 938. Kwaki tatu zenyewe, basi, zimetoa asilimia 1 tu. Asilimia 99 iliyobaki imetoka kwenye nishati, ya kwaki zinazokwenda mbio na ya gluoni zinazozifunga, kwa ile kanuni ya Einstein inayosema nishati ni uzito. Nikutajie kitu unachokijua. Ndoo ya lita 20 ya asali yetu ya miombo ina kilo kama 28. Karibu uzito wote huo uko katika protoni na nyutroni, na nyutroni hazina tofauti kubwa na protoni kwa jambo hili. Ukikusanya uzito wa kwaki zote zilizomo katika ndoo hiyo, kila moja ikihesabiwa kwa uzito wake yenyewe, utapata kama gramu 300. Mama anayeibeba ndoo kichwani kutoka porini hadi barabarani amebeba kilo 27 na zaidi za mwendo na kani. Ulipotangazwa ugunduzi wa chembe ya Higgs mwezi Julai 2012, magazeti yaliandika kwamba ndiyo inayovipa vitu vyote uzito. Wewe sasa unaweza kuyasahihisha: uzito unaohusika na Higgs katika ile ndoo ni zile gramu 300. Mwaka 2008 wanafizikia wa Ulaya, kwa kutumia kompyuta kubwa sana, walianza na kanuni za kwaki na gluoni wakaupata uzito wa protoni kwa hesabu, ukakubaliana na ule uliopimwa. Mimi naiweka kazi hiyo miongoni mwa kazi bora za akili ya binadamu.

Utaniuliza, kama zina mbio hivyo, mbona hazitoki? Kani ya umeme kati ya chaji mbili hupungua kadiri zinavyoachana. Hilo umelisoma. Kani ya kwaki haipungui. Ukijaribu kuitenga kwaki moja na wenzake, inavutwa kwa kani inayolingana na uzito wa takriban tani 15, ukubwa wa shehena ya lori, ikiielemea chembe moja ambayo hakuna darubini ya kuionyesha. Ukizidi kuvuta, nishati uliyoitia inageuka kuwa kwaki na pingamizi yake, nawe unabaki na chembe mpya kamili badala ya kwaki tupu. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kukuta theluthi ya chaji barabarani. Lakini zikikaribiana sana, kani hiyo inalegea hadi zinaonekana kama zimeachiwa huru. David Gross, David Politzer na Frank Wilczek walilithibitisha hilo kwa hesabu mwaka 1973, na mwaka 2004 wakapewa Nobel. Kwa hiyo elektroni ya Stanford iliyogonga kwa ghafla ilizikuta kwaki huru, na bado hakuna hata moja iliyotoka nje. Mambo hayo mawili yalionekana kupingana kwa miaka kadhaa, mpaka kazi ya 1973 ilipoyaunganisha.

Liko jambo moja ambalo halijatatuliwa, na nimeliweka hapa mwishoni kwa ajili yako. Protoni ina tabia inayoitwa spini, inayoifanya iwe sumaku ndogo. Hospitali zinaitumia kila siku. Mgonjwa akiingizwa katika mashine ya MRI yenye sumaku ya tesla 1.5, protoni za haidrojeni mwilini mwake zinaitikia mawimbi ya redio yanayotetema karibu mara milioni 64 kwa sekunde, na kutokana na mwitikio huo kompyuta inachora picha ya ubongo au ya uti wa mgongo. Daktari anaona uvimbe kwa sababu protoni zina spini. Je, protoni inaipata wapi spini hiyo? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kwamba inatoka kwenye spini za kwaki tatu. Mwaka 1988 watafiti waliofanya kazi kwenye kituo cha fizikia cha CERN, huko Geneva, walitangaza vipimo vilivyoonyesha kwamba spini za kwaki zinachangia sehemu ndogo tu. Makadirio ya sasa ni asilimia 30 hivi. Inayobaki lazima itoke kwenye spini za gluoni, na kwenye kuzunguka kwa kwaki na gluoni ndani ya protoni. Umeona? Ni swali lako lile lile: zinatembea vipi? Mafungu ya spini hiyo bado yanapimwa. Huko Brookhaven, New York, Wamarekani wanaandaa mtambo wa kugonganisha elektroni na protoni kwa ajili ya maswali kama haya hasa, nao unatazamiwa kuanza kazi miaka ya 2030. Wewe wakati huo utakuwa na umri wa mtafiti kijana.

Usidhani mambo haya ni ya Stanford na Geneva pekee. Ukishuka stesheni utazame mawe yanayochomoza kuuzunguka mji wetu. Mengi ni matale, sehemu ya gamba la kale la katikati ya Tanzania, lenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Katika mwamba wa namna hiyo kuna urani na thori kidogo kidogo, na kila atomu yake inapovunjika inatoa kijipande chenye protoni mbili na nyutroni mbili. Hicho ndicho kijipande kilichotumika Manchester kugundulia kiini cha atomu, na kikitulia kinakuwa gesi ya heli. Kusini-magharibi mwetu, Rukwa, joto la Bonde la Ufa limeifungulia heli iliyokusanyika kwenye mwamba wa kale, ikapanda hadi kwenye chemchemi. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba iko kwa wingi. Heli hiyo dunia inaihitaji kupoza sumaku za mashine za MRI. Mtambo mkubwa wa CERN, wenye mzingo wa kilomita 27, unatumia tani 120 hivi za heli kuzipoza sumaku zake hadi nyuzi 271 chini ya sifuri, ili zizungushe protoni na kuzigonganisha. Natamani siku moja nchi yetu ipeleke huko heli pamoja na mtu wa kusoma vipimo. Kuuza gesi peke yake hakutoshi.

Tena njia ya kumfanya huyo mtu ipo karibu kuliko unavyofikiri. Abdus Salam, mwanafizikia kutoka Pakistani aliyepata Nobel mwaka 1979, alianzisha kituo huko Trieste, Italia, mwaka 1964, ili vijana wa nchi maskini wasome fizikia ya juu bila kutengwa na wenzao. Kituo hicho kina taasisi dada Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya Afrika Mashariki, inayofundisha shahada za uzamili na uzamivu. Mwaka 2016 Kigali ilipokea pia Shule ya Fizikia ya Afrika, inayowakusanya wanafunzi kutoka bara zima. Kutoka hapa ni Kahama, Ngara, Rusumo, umevuka mpaka.

Kwa sasa kuna kazi mbele yako. Hisabati usiiogope, hasa kutofautisha na kulimbikiza, kwa sababu mengi niliyokueleza hapa juu yamehitaji hesabu hizo pamoja na mashine. Ukifika topiki ya mekanika ya kwanta, usikariri kanuni ya Heisenberg kwa ajili ya mtihani tu. Chukua nusu kipenyo cha protoni nilichokupa, itumie kanuni hiyo, utafute mwenyewe mwendo wa kwaki, kisha ulinganishe na uzito wake. Ni mistari mitano ya hesabu. Ukipata nishati ya karibu elektronivolti milioni 200 ujue uko sahihi. Na mwalimu akichora tena duara na vidoa vitatu, mwombe kwa adabu awaeleze na wenzako kuhusu ile nusu iliyobebwa na gluoni. Walimu wetu wengi wanapenda kuulizwa, ila hawapati wa kuwauliza.

Wasalimie baba na mama, na wote hapo Ujiji. Mwambie mama yako dagaa tuliopokea walikuwa wazuri. Ukija, njoo na daftari la hesabu hiyo, tuipitie pamoja kabla shule haijafunguliwa.

Ni mimi mjomba wako,
Tabora